Ibn Battuta: Mgeni aliyeandalia dunia sinia ya Mogadishu

JINA la Garissa linapotajwa katika vyombo vya habari, aghalabu huandamana na habari za ukame, mizoga ya mifugo na malori ya chakula cha msaada. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia na maelfu ya watu wakamiminika katika kambi za Dadaab. Ndivyo ilivyokuwa tena kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosa kunyesha kwa misimu mitano mfululizo. Msomaji aliye mbali na ambaye hajawahi kuvuka daraja la Mto Tana anaweza kudhani kwamba wakazi wa Kaskazini Mashariki ni watu wa kulishwa tu, wasio na maakuli ya kujivunia wala adabu ya mezani ya kumfundisha mtu yeyote.

Historia inasema vingine. Miongoni mwa maelezo ya kale yenye undani kuhusu chakula cha Wasomali, hakuna yanayopita yale yaliyoachwa na msafiri mmoja wa Maghrib aliyetia nanga Mogadishu takriban miaka 700 iliyopita. Maelezo hayo ni ya shibe. Yanazungumzia wali wa samli, nyama, kuku, samaki, mboga, ndizi, maziwa na achari. Aliyeyatoa hakuwa mtu mwenye njaa wa kusifu kila alichopewa. Alikuwa kadhi aliyekula katika nyumba za wafalme kuanzia Morocco hadi China, na kila alipokwenda hakukosa kukagua alichowekewa mbele yake.

Huyo ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah al-Lawati, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Ibn Battuta.

Kijana aliyelia Tunis

Ibn Battuta alizaliwa Februari 1304 katika mji wa Tangier, kaskazini mwa Morocco, penye mlango wa bahari unaotenganisha Afrika na Ulaya. Ukoo wake ulikuwa wa Waberberi wa Lawata, na ulikuwa umetoa makadhi na wanazuoni wa madhehebu ya Maliki. Yeye naye alisomea sheria, na ilitarajiwa kwamba angehiji Makka, arejee nyumbani na kushika kazi ya ukoo.

Aliondoka Tangier mwezi wa Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuwaacha kulimtia huzuni kubwa. Hakuwa na mwandani wala msafara wa kujiunga nao.

Msafara aliojiunga nao baadaye ulipowasili Tunis, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri. Kila mmoja alipata wa kumwamkia na kumjulia hali, isipokuwa yeye. Hakuna aliyemjua. Kijana huyo alilemewa na upweke hata akalia hadharani, mpaka mmoja wa mahujaji alipomwona, akamsogelea na kumliwaza.

Tukio hilo dogo linafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kumwelewa mtu huyu. Kuanzia hapo, kila mji alioingia aliupima kwanza kwa namna ulivyompokea mgeni. Sifa za majengo, masoko na majeshi zilifuata baadaye. Alijifunza pia kukaribisha. Kabla ya kufika Misri, akiwa katika nchi ambayo leo ni Libya, alioa na kuandaa karamu ya harusi iliyouzuia msafara mzima kwa siku nzima.

Alipita Alexandria, Cairo na Damascus, akafika Madina na Makka. Hija ikatimia, lakini hakurejea nyumbani. Alizunguka Iraq na Uajemi, akarudi Makka na kukaa huko kwa muda akisoma. Kisha akashuka hadi Yemen, na katika bandari ya Aden akapanda chombo kilichokuwa kikielekea Pembe ya Afrika. Kwa hesabu ya wasomi wengi, safari hiyo ilifanyika mwaka wa 1331.

Sahani iliyofunikwa

Bandari ya kwanza ilikuwa Zeila, na haikumpendeza hata kidogo. Harufu ya samaki na ya damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni ilimkera kiasi kwamba alipendelea kulala chomboni, ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Hivyo hatuwezi kusema kwamba alipenda kila kitu katika nchi za Wasomali. Aliposifu, alisifu kwa sababu alikuwa ameona jambo la kusifiwa.

Baada ya siku 15 baharini alifika Mogadishu. Aliukuta mji mkubwa mno, wenye wafanyabiashara matajiri, ambao kila siku ulichinja ngamia kwa mamia. Ulikuwa pia ukifuma nguo zilizobeba jina lake na kuuzwa hadi Misri.

Lakini kilichomshangaza zaidi kilitokea kabla hajakanyaga nchi kavu. Chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilikisogelea zikiwa zimejaa vijana. Kila kijana alibeba sahani iliyofunikwa, ndani yake mkiwa na chakula. Kila mmoja alimkabidhi sahani hiyo mfanyabiashara mmojawapo na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mfanyabiashara aliyeipokea alifuatana na mwenyeji huyo hadi nyumbani kwake. Ni waliowahi kufika mara nyingi na kuwajua watu wa mji tu walioweza kwenda walikotaka.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa ukarimu mtupu. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji. Mtu yeyote aliyenunua kutoka kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Kwa maneno mengine, sahani ile ilikuwa mkataba. Aliyekulisha alijitwika dhamana ya mali yako.

Mfumo huo si mgeni kwa wanaolijua soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa ya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Hadi leo mfugaji atokaye mbali hutafuta dalali anayemwamini, mara nyingi mtu wa ukoo wake, asimamie mauzo na kumdhamini mbele ya mnunuzi. Na kwa kawaida mazungumzo hayo huanza kwa kikombe cha chai, bei ikitajwa baadaye.

Ibn Battuta alipewa heshima ya namna nyingine. Vijana walipoarifiwa kwamba hakuwa mfanyabiashara bali mwanasheria, walieleza kuwa kwa desturi ya mji, mtu wa elimu hupelekwa kwanza kwa mtawala. Mtawala huyo, ambaye wenyeji walimwita Sheikh, alikuwa Abu Bakr bin Sheikh Umar. Alizungumza lugha ya mji wake na alikijua Kiarabu pia. Mgeni alipokewa kwa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi ya waridi kutoka Damascus, kisha akapelekwa katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa dini.

Wali, samli na ndimu

Hapo ndipo sinia ilipoletwa, na hapo ndipo msafiri huyu alipotuachia ukurasa ambao wanahistoria wa chakula hawajaacha kuurejelea.

Katika sinia kubwa ya mbao palikuwa na wali uliopikwa kwa samli. Juu yake paliwekwa mabakuli ya kitoweo kilichoitwa kushan, ambacho kilikuwa mchanganyiko wa kuku, nyama, samaki na mboga. Katika chombo kingine palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika kingine palikuwa na maziwa ya mgando, na pamoja nayo achari ya ndimu, vishada vya pilipili vilivyolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Embe lililoiva lililiwa kama tunda, na lililo bichi lilitiwa achari kama ndimu.

Muhimu zaidi ni kwamba alieleza namna ya kula. Mlaji alichukua tonge la wali, kisha akalifuatisha na kitu kichachu au chenye chumvi. Halikuwa jambo la bahati nasibu. Samli ni nzito na huzima ladha mdomoni. Ndimu, siki na tangawizi huukata uzito huo na kumrejeshea mlaji hamu ya tonge linalofuata. Wapishi wa Mogadishu wa mwaka 1331 walijua kulinganisha vyakula, elimu ambayo hoteli za kifahari za leo huitoza bei kubwa.

Kwa siku tatu mgeni huyu aliletewa chakula mara tatu kwa siku. Alistaajabu kuona kwamba mtu mmoja wa Mogadishu alikula kiasi ambacho katika nchi yake kingetosha kundi zima la watu. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, kadhi wa mji na waziri mmoja walimletea mavazi: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, nguo ya kitani kutoka Misri, joho na kilemba. Akayavaa na kwenda nao msikitini kuswali na kuonana na mtawala.

Ukiingia leo katika mkahawa wa Kisomali katika wadi ya Galbet mjini Garissa, kilomita zipatazo 370 mashariki mwa Nairobi, ukurasa huo utakusomea wenyewe. Utaletewa wali wenye samli na viungo, nyama ya mbuzi au ya ngamia, na ndizi pembeni, ambayo mlaji huimenya na kuila pamoja na wali, jambo linalowashangaza wageni wanaotoka bara. Kuna ndimu na kuna mchuzi mkali wa bisbas. Kuna susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha. Kuna nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli ili idumu bila jokofu.

Yapo yaliyobadilika. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa pilipili hoho wala kichaa, kwa kuwa mimea hiyo ilitoka bara la Amerika na kufika kwetu baada ya safari za Wareno. Nyanya na viazi vilikuja kwa njia hiyo hiyo. Tambi, ambazo Wasomali huziita baasto, ziliingia pamoja na utawala wa Waitaliano. Lakini kanuni ya sinia, yaani wali, samli, nyama, ndizi na kichachu cha kuukata uzito, imebaki ilivyokuwa.

Mombasa, Kilwa na meza ya Delhi

Kutoka Mogadishu chombo kiliteremka pwani. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu. Alikuta kisiwa chenye ndizi, ndimu na zambarau, ambazo alizifananisha na zeituni kwa umbo na kuzisifu kwa utamu. Nafaka haikulimwa kisiwani, bali ililetwa kutoka nchi ya Sawahili, na watu waliishi kwa ndizi na samaki. Aliwasifu kwa ucha Mungu wao na kwa misikiti yao iliyojengwa kwa mbao kwa ustadi.

Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulayman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Sultani huyo aliketi na mafakiri na kula pamoja nao, na alimpa maskini mmoja kutoka Yemen mavazi aliyokuwa ameyavaa mwenyewe. Kwa Ibn Battuta, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mtawala.

Akageuza njia, akapita Oman na Ghuba, akarejea Makka. Kisha akazunguka Uturuki wa leo, nchi za Watatari, Constantinople na Asia ya Kati. Huko alipewa maziwa ya farasi yaliyochachuliwa. Alionja, yakamshinda, akampa mwenzake. Mwezi wa Septemba 1333 alifika Mto Indus, na njia ya kuelekea Delhi ikawa mbele yake.

Katika safari hiyo aliona jinsi watu wa Sultani Muhammad bin Tughluq walivyoandaliwa chakula. Palikuwa na mikate myembamba, nyama ya kuchoma, na nyama iliyopikwa kwa samli, vitunguu na tangawizi mbichi, iliyopakuliwa katika vyombo vya kauri vya China. Kisha palifuata nyama iliyosagwa, ikachanganywa na lozi, njugu, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Kila mlaji aliwekewa nne au tano. Msomaji hahitaji kuelezwa hicho ni nini. Ni sambusa, ile ile ambayo katika mwezi wa Ramadhani huwakusanya watu kwenye mitaa ya Garissa kabla ya jua kutua.

Sultani wa Delhi alimfanya kadhi na kumpa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Hata hivyo, meza hiyo ilikuwa na gharama. Ibn Battuta aliishi kwa fahari hata akaingia katika deni la dinari 55,000. Zaidi ya hayo, mwenyeji wake alikuwa mtu aliyeweza kumtunuku mtu asubuhi na kumwua jioni. Kadhi huyo alipogunduliwa kuwa amemtembelea sheikh mmoja aliyekosana na sultani, aliwekwa chini ya ulinzi wa watumwa wanne. Alifunga siku tano mfululizo akinywa maji tu na kusoma Kurani, akisubiri kuuawa. Sheikh aliuawa, yeye akaachiliwa. Aligawa mali yake yote kwa mafakiri na kuishi kwa muda kama mtawa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya Delhi na Mogadishu. Delhi ilimlisha mgeni ikawa imemmiliki. Mogadishu ilimlisha mgeni ikawa imejifunga kumlinda.

Nchi ya chai, kabla ya chai kutufikia

Mwaka wa 1341 sultani alimwita tena na kumtuma balozi kwa mfalme wa China. Safari hiyo ilikuwa ya misiba mitupu. Alishambuliwa na kutekwa karibu na Aligarh. Katika bandari ya Calicut, dhoruba ilivunja jahazi lililobeba zawadi za sultani wakati yeye alikuwa nchi kavu. Kwa kuogopa kurejea Delhi mikono mitupu, alikimbilia visiwa vya Maldives, akawa kadhi na kuoa mara kadhaa, huku akila samaki na nazi na kuvisifu mno. Baadaye alipita Ceylon, Bengal na Sumatra. Hatimaye, yapata mwaka wa 1346, alifika bandari ya Quanzhou, ambayo Waarabu waliiita Zaytun.

China ilimstaajabisha na kumsononesha kwa pamoja. Alisifu usalama wa njia zake, hariri yake, fedha zake za karatasi na wachoraji wake. Alistaajabia vyombo vya kauri, ambavyo huko viliuzwa kwa bei ya vyungu vya udongo vya kwao. Alikuta kuku wakubwa kuliko bata bukini, na alipomnunua mmoja ili apikwe, hakutosha katika sufuria moja. Hata hivyo alijisikia mgeni kuliko mahali pengine popote, hasa kwa kuwa nyama zilizouzwa sokoni hazikuwa halali kwake, na mara nyingi alijifungia ndani.

Katika mji wa Hangzhou, aliouhesabu kuwa mkubwa kuliko miji yote aliyoiona duniani, mambo yalibadilika kwa siku tatu. Mtawala wa mji, Amir Qurtay, alimwandalia karamu. Qurtay alitambua shida ya mgeni wake, akawatafuta wapishi Waislamu wachinje na kupika kwa kufuata sheria ya dini. Kisha mtawala huyo aliwakatia wageni nyama na kuwapa kwa mkono wake mwenyewe. Kati ya fahari zote za China, ni karamu hiyo iliyobaki akilini mwake kwa upole wake. Heshima kuu kwa mgeni si wingi wa vyakula, bali ni kujua kile anachoweza kula.

Inafaa kutaja hapa kwamba bandari na miji aliyoipita ndiyo leo yenye sifa kubwa katika ulimwengu wa chai. Wilaya ya Anxi, iliyo chini ya Quanzhou, ni maarufu kwa chai ya Tieguanyin. Vilima vya Hangzhou hutoa chai ya kijani iitwayo Longjing, na wapishi wa mji huo huipika pamoja na uduvi, kwa kuwa chai nyepesi hailemei ladha ya samaki. Guangzhou, mji mwingine alioutembelea, una desturi ya chai ya asubuhi inayoandamana na vyakula vidogo vidogo vya mvuke. Huko walaji wa vyakula vyenye mafuta mara nyingi huchagua chai nyeusi ya Pu'er, kwa imani kwamba uchungu wake huukata uzito wa mafuta.

Kanuni hiyo ndiyo ile ya ndimu na samli aliyoikuta Mogadishu. Lakini mwaka wa 1331 chai haikuwa kinywaji cha Mogadishu wala cha Tangier. Sahani ya China ilitufikia mapema kuliko kinywaji chake. Vigae vya kauri vya China vimefukuliwa Gedi, Manda na Shanga. Neno letu sinia limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha China. Kila familia ya Galbet inapokusanyika kuzunguka sinia ya wali inaitaja China bila kujua.

Chai yenyewe ilikuja karne nyingi baadaye. Katika Morocco, nchi yake Ibn Battuta, ilienea katika karne ya 19, na hadi leo Wamorocco hunywa chai ya kijani kutoka China iliyotiwa nanaa. Nchini Kenya miche ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka wa 1903. Wasomali waliipa jina la shaah, wakaitia hiliki, mdalasini, tangawizi na maziwa ya ngamia, na kuinywa baada ya nyama na samli. Mchina wa Hangzhou angeshangaa kuona viungo na sukari katika kikombe hicho. Lakini angeelewa mara moja kwa nini kinaletwa baada ya mlo huo.

Marejeo bila wa kumlaki

Mwaka wa 1347 Ibn Battuta alianza safari ya kurejea. Alipofika Damascus mwaka uliofuata, tauni kuu ilikuwa ikiteketeza miji. Huko ndiko alikopata habari kwamba baba yake alikuwa amekufa miaka 15 iliyopita. Alipoikaribia nyumbani, mwaka wa 1349, alielezwa kwamba mama yake naye alikuwa amekufa kwa tauni. Kijana aliyelia Tunis kwa kukosa wa kumwamkia alirudi Tangier akiwa mtu mzima wa miaka 45, na kitu cha kwanza alichokwenda kukizuru ni kaburi.

Hakutulia. Alivuka hadi Uhispania ya Waislamu, na mwaka wa 1352 alivuka Sahara kwenda Mali. Mansa Sulayman alimpelekea zawadi ya makaribisho. Mgeni akadhani ni mavazi na dhahabu. Alipofunua, alikuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka kwa dharau, na baadaye akamlalamikia mansa ana kwa ana, hata akapewa nyumba na dhahabu.

Hapa sifa yake inapata doa. Wakati alipokuwa kijana, sahani iliyofunikwa ilitosha kumfanya auheshimu mji mzima. Miaka ya kula na wafalme ilikuwa imempotosha, akaanza kuupima ukarimu kwa uzito wa dhahabu. Mkate, nyama na maziwa ndivyo vitu ambavyo mfugaji wa Kaskazini Mashariki angempa mgeni wake, na asingeona haya.

Mwishoni mwa 1353 alianza safari ya kurudi Morocco kwa amri ya Sultani Abu Inan, na mwaka uliofuata akaamriwa asimulie aliyoyaona. Mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy ndiye aliyeyaandika, na masimulizi yakakamilika Desemba 1355. Kuna sehemu ambazo wasomi wamezitilia shaka, hasa safari ya Beijing, na maelezo ya baadhi ya miji ya Mashariki ya Kati yalichukuliwa kutoka kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr. Sehemu ya Mogadishu, Mombasa na Kilwa, hata hivyo, inakubaliwa na wanahistoria wengi kuwa ushahidi wa mtu aliyefika.

Baada ya hapo Ibn Battuta alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Morocco, akafa yapata mwaka wa 1368 au 1369. Inakadiriwa kwamba alisafiri kilomita 117,000. Kitabu chake kilisahauliwa nje ya nchi za Kiarabu mpaka nakala zilipopatikana Algeria katika karne ya 19, na maandishi kamili yakachapishwa mjini Paris kati ya 1853 na 1858.

Urithi wa sinia

Ukame wa Kaskazini Mashariki ni wa kweli, na anayeuficha anawadhulumu wanaoteseka. Lakini ni dhuluma pia kuifanya njaa kuwa historia yote ya watu hawa. Wakati watoto wetu wanapofundishwa kuhusu Ibn Battuta shuleni, hukaririshwa miaka na majina ya miji, na kurasa za chakula hurukwa kana kwamba ni upuuzi. Ilhali kurasa hizo ndizo zinazothibitisha kwamba jamii hii ilikuwa na upishi wenye kanuni, biashara yenye dhamana na sheria ya kumlinda mgeni, karne nyingi kabla ya serikali yoyote ya kikoloni kuchora mpaka kati ya Garissa na Mogadishu.

Kaunti inayotafuta wageni na wawekezaji haina haja ya kukopa sifa kutoka mbali. Inayo sinia ambayo mtu aliyekula Delhi na Hangzhou aliiona inastahili kuelezwa chombo kwa chombo. Kilichobaki ni sisi wenyeji kuacha kuionea haya, na kuhakikisha kwamba mvua inapokosa, serikali haimwachi aliyezoea kulisha wageni akipanga foleni ya kulishwa.